Pikipiki ya injekta inazima ikipata moto: ninaomba ushauri, je, niweke kabureta?

Kijana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa kibarazani hapa Makorora, Tanga, pikipiki iko mbele yangu na hesabu ya tajiri ya siku tatu haijapelekwa. Ni pikipiki ya CC 150 inayotumia injekta, yaani petroli inapulizwa kwenye injini kwa presha ya pampu badala ya kupitia kabureta. Asubuhi inawaka mara moja, lakini nikishapeleka abiria wawili watatu stendi ya Kange na jua likapanda, inaanza kukwamakwama kama iliyoishiwa mafuta, kisha inazima. Nikiiweka kivulini kwa muda wa kunywa kahawa, inawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote. Fundi mmoja ameniambia ning'oe mfumo wote niweke kabureta. Mnanishauri nini?

Fundi wa Barabara ya Nane
Using'oe kitu bado. Fungua swichi bila kupiga stata, kisha usikilize: pampu inapaswa kuvuma kwa takriban sekunde mbili inapojaza presha, halafu inyamaze. Pili, itazame taa ya injini. Katika Honda nyingi, mmweko mrefu huhesabiwa kumi na mfupi huhesabiwa moja, kwa hiyo mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12, yaani tatizo liko kwenye injekta au nyaya zake. Tatu, fungua plagi utuambie ina rangi gani.

Mzee wa Pongwe
Kijana, hayo ni mafuta. Kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba (alama za kugundua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, tulikuwa tunauziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na mimi niliwahi kulala Muheza usiku kucha, nimeegemea mti, kwa sababu ya lita tatu nilizonunua kwenye chupa. Wakati ule nilikuwa na pikipiki ya kabureta. Nilifungua bakuli lake, nikamwaga uchafu, nikaondoka. Injekta haina bakuli la kumwaga.

Bi Siti wa Ngamiani
Mwanangu, siku tatu hujapeleka hesabu na bado hujamweleza tajiri wako? Chombo cha watu ni amana. Mpigie kwanza, mengine yafuate.

Kijana wa Makorora
Shikamoo Bi Siti, nitampigia. Fundi, pampu inavuma vizuri. Plagi ni nyeusi, ina masizi na inanuka petroli. Taa ya injini haijawahi kuwaka, kwa hiyo nadhani mfumo hauna kosa.

Fundi wa Barabara ya Nane
Taa ambayo haiwaki hata unapofungua swichi haikuambii kwamba mambo ni mazuri. Huenda imeungua au imechomolewa. Na plagi nyeusi ni dalili kwamba injini inapewa mafuta kupita kiasi, wakati wewe unasema inazima kama iliyokosa mafuta. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kirahisi. Je, mfumo huo umewahi kufunguliwa?

Dereva wa Sahare
Labda pikipiki imezoea pwani, jua likipanda inataka kupumzika kama sisi.

Kijana wa Makorora
Mimi sijaufungua. Jana ilipozima, nilichofanya ni kugeuza koki ya mafuta kwenda rizevu, nikaigeuza tena, lakini haikusaidia.

Mkaguzi wa Chumbageni
Wakuu, tunapotezewa muda. Pikipiki ya injekta ina pampu ndani ya tenki, na kwa kawaida haina koki wala rizevu. Huyu ama hajui anachokiendesha, ama ameitunga hadithi hii.

Dereva wa Sahare
Kumbe! Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma.

Mzee wa Pongwe
Basi mti wangu wa Muheza nimeusimulia bure.

Kijana wa Makorora
Sijatunga. Tenki la asili liliozeshwa na kutu, mnaijua hewa ya chumvi ya hapa kwetu. Tajiri akanunua tenki la pikipiki ya kabureta, lenye koki, na pampu ikafungwa nje, chini ya tenki, kwa waya na mpira wa tairi. Sikusema kwa sababu tajiri anataka kuiuza na hapendi habari hiyo ienee. Na kusema kweli, kabureta nimeshainunua, na fundi nimeshampa nusu ya fedha yake. Sioni ubaya: kabureta kila mtu wa Tanga anaijua.

Fundi wa Barabara ya Nane
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Pampu ile imetengenezwa ipozwe na petroli inayoizunguka ndani ya tenki. Ukiifunga nje, karibu na silinda, joto linapanda, mafuta yanageuka mvuke ndani ya njia yake, na presha inaanguka. Ndiyo maana inawaka ikipoa. Kidhibiti cha presha nacho mara nyingi huwa kwenye mkusanyiko uleule wa pampu. Kama kiliachwa kwenye tenki la zamani, injini ikiwa baridi presha inapita kiasi, na masizi ya plagi yako yanatoka huko. Kuhusu kabureta, kumbuka kwamba kompyuta ya pikipiki hiyo ndiyo inayoamua pia cheche ya plagi. Ukiing'oa, utahitaji mfumo mwingine wa cheche, na fedha uliyotoa haitatosha.

Kijana wa Makorora
Lakini fundi wangu amefanya nyingi za namna hiyo.

Fundi wa Barabara ya Nane
Huenda. Niambie jambo moja tu: mpira unaotoka kwenye pampu ni wa namna gani? Mpira mwembamba wa kabureta hubeba mafuta yanayoshuka yenyewe. Huu wako unabeba presha inayokaribia baa 3.

Kijana wa Makorora
Nimekwenda kuutazama kwa tochi. Ni ule mwembamba unaoonekana ndani. Karibu na kibano umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, na nilipougusa mkono umebaki na unyevu wa petroli. Jirani anakaanga mihogo hatua kumi kutoka hapa, kwa hiyo nimeisukuma hadi upande wa pili wa ua na kuchomoa betri. Barabara ya Nane ni karibu na wapi, fundi? Kesho nitakuja nayo kwa kuisukuma.