Nani anaweza kusema "kwetu" katika riwaya za Uingereza?

MwalimuKamalondo (Lubumbashi)

Yambo wote. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Kila Jumamosi alasiri tunakutana watu saba uani kwangu, Kamalondo, tunasoma riwaya. Kitabu kinakuwa kimoja tu. Ninakisoma kwa sauti na kukigeuza Kiswahili papo hapo, wenzangu wanasikiliza na kunikatiza. Mwaka huu tumeshika riwaya za Uingereza za siku hizi, na kuna swali limetushinda.

Tulianza na By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Saleh Omar, mzee aliyekuwa akiuza fanicha Zanzibar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Amefundishwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anafungua begi lake na kutoa kitu kimoja kimoja mpaka anafikia kisanduku cha mbao chenye udi, ud-al-qamari. Anaunusa. Anauliza ni kitu gani, mzee anakaa kimya, na mwisho kisanduku kinabaki mikononi mwa afisa. Wazazi wa Edelman huyo nao walikuwa wakimbizi, walitoka Romania. Mwenyewe anamweleza mzee kwamba wao walikuwa na haki ya kuja, maana ni watu wa Ulaya, ni wa familia ileile.

Hapo ndipo niliposimama. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kusema kwamba mtu ni wa mahali na mahali ni pake, nami nilikitafutia Kiswahili nikakosa. Mama mmoja kati yetu, anauza makala, yaani mkaa, karibu na soko, akaniambia, "Mwalimu, si useme tu: hapa si kwenu?"

Tangu siku hiyo sijaliacha neno hilo. "Kwangu" ni mlango wangu na kitanda changu. Nikitaka kusema nilikotoka inabidi niseme "kwetu", hata kama duniani nimebaki peke yangu. Lugha yetu inadai wawepo wengine wa kulisema pamoja nami. Na ninavyoona, watu wa riwaya hizi wanasema "kwetu" na hakuna anayeitika.

Niseme pia kwa nini jambo hili linaniuma. Nilizaliwa Likasi mwaka 1984. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, baba akazaliwa hukuhuku, nami pia. Mwaka 1992 sisi wenye asili ya Kasai tukaambiwa na watu wa Katanga, sehemu hii ya Kongo, turudi kwetu. Nilikuwa na miaka minane, sikujua kama kuna kwingine. Tuliitwa bilulu, wadudu. Tulilala kwenye uwanja wa stesheni pamoja na maelfu ya watu tukingoja treni ya Kasai. Mama alikuwa ameng'oa kichwa cha mashini yake ya kushonea na kukifunga ndani ya kitenge. Siku moja akaja jirani yetu, mtu aliyekuwa akishonewa mashati na mama. Akakifungua kile kitenge, akalizungusha gurudumu kwa kidole, akainama kusikiliza sindano inavyopanda na kushuka. Akataja bei: mfuko mmoja wa unga. Mama alitoa mashini, akapokea unga. Yule mtu hakumtazama usoni hata mara moja. Nilipowasomea wenzangu jinsi Edelman anavyounusa ule udi, sauti ilinikauka nikampa kitabu mtu mwingine aendelee.

Kule Mwene-Ditu, Kasai, watoto walikicheka Tshiluba changu cha kuokoteza, lugha ya huko, wakatuita watu wa Katanga. Leo nimerudi, nafundisha hapa, nalipa kodi hapa, lakini kwenye kadi yangu ya mchaguzi mstari wa asili unataja kijiji cha babu ambacho sijawahi kukanyaga.

Basi swali: mnajua riwaya ya Uingereza ya siku hizi ambamo mtu aliyenyimwa "kwetu" anafika kulisema na wengine wakamwitikia? Au zote zinaishia mlangoni? Tena kijana mmoja wa kundi letu anashikilia kwamba Gurnah si mwandishi wa Uingereza hata kidogo, kwa hiyo tumeanza vibaya. Ninyi mnaonaje?

---

Mushi wa Ibanda (Bukavu)

Mama Mwalimu, pole kwa ya Likasi. Sikuyajua kwa undani huo. Sisi wa Kivu tunafikiri mambo ya "rudini kwenu" ni yetu peke yetu.

Mimi niko upande wa huyo kijana. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1964 akiwa bado kijana. Kiswahili ndicho alichonyonyeshwa. Aandike Kiingereza, afundishe chuo kikuu Uingereza miaka mingi, huyo ni wetu. Kitabu chake Paradise tunacho sasa kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Nilipokisoma sikuhisi kimetafsiriwa. Nilihisi kimerudishwa.

Lakini kumbuka alipopata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Tanzania walishangilia, kisha wakaanza kubishana: ni Mtanzania au si Mtanzania? Maana sheria ya kule hairuhusu uraia wa nchi mbili. Yaani mtu ameandika maisha yake yote juu ya kuulizwa "wewe ni wa wapi", na siku ya furaha yake kubwa anaulizwa swali lilelile na watu wa kwao.

Kuhusu swali lako la pili, nadhani ulifunga kitabu mapema. Endelea mpaka Latif Mahmud anapokwenda kumtembelea mzee kwenye ule mji wa pwani. Ile pasipoti ya uongo ina jina la baba yake Latif. Na nyumba ya familia ya Latif iliangukia mikononi mwa Saleh Omar. Hawa ni maadui wa nyumba moja, na hakuna ugomvi unaodumu kama wa nyumba, uliza mtu yeyote wa Bukavu mwenye kesi ya kiwanja. Lakini wanakaa, mmoja anasimulia, mwingine anasahihisha: hapana, haikuwa hivyo, mama yangu alisema vile. Wanatofautiana juu ya vitu ambavyo hakuna mtu mwingine Uingereza nzima anavijua. Kwangu mimi, hiyo ndiyo "kwetu" yao. Mtu anayeweza kukwambia "unasema uongo, nilikuwepo".

---

Dada wa Sheffield

Salamu kutoka baridini. Nililelewa Ruashi, hapo Lubumbashi, niko Uingereza mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi ya kutunza wazee.

Mwalimu, soma Small Island ya Andrea Levy, ya mwaka 2004. Baba yake Levy alikuja kutoka Jamaika kwa meli ya Empire Windrush, ile iliyotia nanga Tilbury mwezi wa sita 1948. Levy mwenyewe alizaliwa London. Ndani ya kitabu yumo Hortense, mwalimu kama wewe, amesomea Jamaika na vyeti anavyo. Anavaa vizuri, glavu na kofia, anakwenda ofisi ya elimu London kuomba kazi. Anaambiwa hawezi kufundisha Uingereza. Anainuka kwa heshima zote, anafungua mlango atoke, kumbe ni mlango wa kabati la mifagio. Yuko ndani ya giza na mifagio, na nyuma yake wanawake wa ofisi wanacheka.

Ukurasa huo niliusoma kwenye basi nikirudi kazini usiku, nikakifunga kitabu, nikakiweka kwenye begi, na sikukigusa wiki nzima. Vyeti vyangu vya uuguzi vya Lubumbashi viko kwenye bahasha chini ya kitanda.

Watu hawa wa Jamaika na visiwa vya jirani walifundishwa tangu shuleni kwamba Uingereza ni mama yao, na sheria ya Uingereza ya 1948 iliwatambua kama raia. Walikuja kwa haki yao. Halafu mwaka 2018 ikafichuka kwamba watoto wa kizazi hicho, waliokwisha kuzeeka humu, walikuwa wamenyimwa kazi na matibabu, wengine wamerudishwa visiwani, kwa kuwa hawakuwa na karatasi za kuonyesha. Kwa hiyo, Mwalimu, mstari ule wa kadi yako naujua ulivyo.

Kuna nyingine, Home Fire ya Kamila Shamsie, ya 2017. Inaanza na Isma, mtoto wa London, anazuiwa Heathrow akiwa safarini kwenda Marekani kusoma. Anahojiwa mpaka ndege inamwacha. Anaulizwa juu ya Malkia, juu ya vita vya Iraq, hata juu ya mashindano ya televisheni ya kuoka keki. Nyumbani alikuwa amefanya mazoezi ya majibu na mdogo wake. Hebu fikiri, mtu anafanya mtihani wa kwao. Waziri wa mambo ya ndani anayekuja kumvua uraia kaka yao naye ni mtoto wa familia ya Kipakistani. Ni Edelman yuleyule, ila huyu ana cheo.

Sasa mimi sikubaliani na Mushi. Usimtoe Gurnah Uingereza. Tukisema wote walioandika haya "si Waingereza, ni wetu", tunawafanyia kazi wale wa mlangoni. Wanangu wawili wamezaliwa hapa. Wakiandika kitabu kesho, mtawaita wa wapi?

---

Mzee wa Reli (Likasi)

Binti yangu Mwalimu, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Mwaka huo nilikuwa kazini relini. Niliwaona watu wakipanda juu ya mabehewa kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi tena. Niliona pia watu wa hapa waliowaficha jirani zao chumbani, wakawapelekea maji usiku. Wote wawili walikuwepo, aliyenunua mashini kwa unga na aliyepeleka maji. Sitasema zaidi.

Ninyi mnazungumza kana kwamba kitu hiki ni cha rangi na pasipoti. Mjukuu wangu aliniletea Shuggie Bain ya Douglas Stuart, iliyopata tuzo ya Booker 2020, kwa Kifaransa. Humo hakuna mgeni wa kutoka mbali. Ni Waskoti weupe, maskini, Glasgow na pembezoni mwake, wakati wa waziri mkuu Thatcher. Mama, Agnes, anahamia na watoto wake kwenye mtaa wa wachimba makaa ambako mgodi umefungwa. Pale kila mtu ni ndugu au binamu wa mwenzake. Wanamtazama mama huyu na koti lake zuri na midomo yake ya rangi, na kabla hajasema neno wameshaamua kwamba si wao. Mtoto wake, Shuggie, hatembei kama wavulana wengine. Kaka yake anampeleka nje amfundishe kutembea. Kutembea! Miguu ya mtoto inageuzwa iwe ya kundi.

Mimi nimekaa kambi ya wafanyakazi, na mwaka 2003 niliwaona watu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, zaidi ya elfu kumi, wakipewa bahasha ya mwisho. Wanaume walibaki wamekaa barazani mchana, hawajui mikono waiweke wapi. Kazi ilipokwisha ndipo watu wakaanza kuulizana kabila hata ndani ya kambi, mahali ambapo mwanzo tulikuwa tunaulizana tu: uko zamu gani? Kitabu kile kinalijua jambo hilo. Mgodi ukifungwa, watu wanashika kilichobaki, na kilichobaki ni kujua nani si wetu.

---

MwalimuKamalondo (Lubumbashi)

Mzee wangu, asante. Ni kweli, walikuwepo waliopeleka maji. Mama alikuwa akimtaja mmoja, mwanamke wa nyumba ya tatu, aliyemletea mtoto wetu mchanga uji stesheni siku nne mfululizo. Sijui kwa nini nilianza na mashini na si uji. Au najua. Uji uliliwa ukaisha, ila mashini niliendelea kuisikia miaka mingi kila nikipita kwa fundi wa kushona.

Mushi, umenisaidia kuliko unavyodhani. Jumamosi iliyopita tulifika pale Latif na mzee wanaposahihishana. Nilikuwa nakisoma kama ugomvi. Nilipowaeleza wenzangu ulivyosema, baba mmoja wa Kaniama, hukuhuku Katanga, ambaye kwa kawaida hanyanyui kichwa, akasema, "Basi mwalimu, mimi nilikuwa Likasi 1992. Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Akanyamaza. Hatukumwuliza alikuwa upande gani. Amesema Jumamosi ijayo atakuja mapema.

Dada wa Sheffield, nimekubali, Gurnah nitamweka pande zote mbili, na kijana wetu atanuna. Small Island hapa hakipatikani. Ukipata mtu anayesafiri kupitia Ndola, mpe kitabu akiache mpakani Kasumbalesa. Nina mwanafunzi wa zamani anayefanya kazi pale, atanifikishia. Nataka kuusoma ule mlango wa kabati kwa sauti, polepole. Na ile bahasha usiiache chini ya kitanda, mama. Sakafu ina unyevu, karatasi zinaoza.