Mlumbi ni nani hasa: msema vizuri au mjua lugha nyingi?

Mwalimu_wa_Zamu: Habari za jioni. Nasahihisha karatasi za kidato cha tatu. Swali: eleza maana ya mlumbi. Kijana kaandika "mtu anayejua lugha nyingi". Mwongozo wangu unataka mtu mwenye ufundi wa kusema mbele ya hadhira, maana ulumbi tunaufundisha kwenye mazungumzo ya fasihi simulizi, pamoja na hotuba, soga, mawaidha na malumbano ya utani. Nimempa sufuri. Mwenzangu wa meza ya pili anasema nimemwonea. Neno lenyewe limetoka wapi?

MtaaWaPili: Umemwonea, mwalimu. Huku Bongo mlumbi ni mjua lugha nyingi, basi. Anayejua kusema anaitwa msemaji. Ndugu zetu wa Kenya mnaokota neno, mnalivisha joho la mtihani, kisha mnamfelisha mtoto wa watu.

Bin_Mvita: Tunaokota? Sisi? Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alikuwa akirushiana mashairi na mafundi wa Lamu karne ya kumi na tisa, wewe unaniletea "huku Bongo". Kule ndiko kulumbana. Watu walishindana kwa makali ya neno, hawakuhesabiana lugha. Kiswahili chetu kilipokonywa usanifu papa hapa Mombasa, mkutano wa 1928 wa kuchagua lahaja ya kusanifisha, akapewa Muunguja. Leo twaitwa waokotaji!

MtaaWaPili: Muyaka hakuna aliyemgusa, mkuu. Na huo mkutano waliukaa Wazungu, sisi tuliletewa majibu kama nyinyi.

Bin_Mvita: Mliletewa mkayapokea kwa mikono miwili.

Kalamu_Butu: Msemaji siku hizi ni cheo. Kuna Msemaji Mkuu wa Serikali, kuna msemaji wa klabu, na wengine wakishika kipaza sauti unatamani wangenyamaza. Khatibu tumemwachia mimbari. Fasaha ni sifa, hata mwandishi bubu anaweza kuwa nayo. Sasa mlumbi naye mkimpeleka kwenye lugha nyingi, fundi wa kusema tumwiteje? Kwa hesabu ya MtaaWaPili, kila mpiga debe wa Kariakoo ni mlumbi.

MtaaWaPili: Na ni mlumbi kweli. Wewe umewahi kuwasikiliza?

Dereva_Tunduma: Samahani kuingilia wakubwa. Napiga njia ya Lusaka miaka mingi. Watonga wa kusini mwa Zambia wakikushukuru wanasema "twalumba". Kwa Wabemba "lumbanya" ni kusifu. Ukikunja kwenda Malawi, "kulumbira" ni kuapa. Nikiyaweka pamoja naona ni kinywa kinachofanya kazi mbele ya watu. Sijakuta lumba ya kuhesabu lugha. Labda maneno yamefanana tu, mimi si msomi.

Bi_Nuksi: Mimi nauliza moja tu. Mbona walumbi wenu wote wana ndevu? Bibi yangu alisimamia posa nne za ukoo wetu, tatu zikakubaliwa, mbili kati yake na watu tusiosalimiana nao. Hakuna aliyemwita mlumbi. Alikuwa akiitwa domo kaya.

Kalamu_Butu: Domo kaya ni mtu asiyeweka siri, dada. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Bi_Nuksi: Maana yake naijua, kaka. Nimesema *aliitwa*.

MtaaWaPili: Labda na siri alikuwa hazitunzi 😂

Bin_Mvita: Huyo ni bibi wa mwenzio. Futa hiyo.

MtaaWaPili: Utani umekatazwa lini? Si mwalimu kasema malumbano ya utani yamo kwenye mtihani?

Bin_Mvita: Utani una watani wake. Wewe na Bi Nuksi mmetaniana wapi? Hujui kabila lake, hujui umri wake.

Shangazi_Tanga: Na kungwi mnamweka wapi? Anamfunda mwali siku kadhaa, maneno hayarudii, mafumbo juu ya mafumbo, mwali analia na kucheka kwa wakati mmoja. Huyo si mlumbi?

Bi_Nuksi: Asante, shangazi. Ila yeye anasemea ndani, pazia limeshushwa. Mwanamume akisema kidogo barazani, jina anapata.

Kalamu_Butu: Sasa ni mjadala wa neno au wa ndoa?

Shangazi_Tanga: Wewe umeoa?

Kalamu_Butu: Hilo halihusiani.

Shangazi_Tanga: Nilijua.

Mwalimu_wa_Zamu: Jamani, karatasi narudisha kesho asubuhi. Nikiangalia lumbana, ile -ana ya kutendana, nabaki upande wa kusema. Lakini kamusi niliyo nayo inataja na lugha nyingi, kwa hiyo nampa moja kati ya mbili.

MtaaWaPili: Moja ya woga hiyo.

Dereva_Tunduma: Bi Nuksi, samahani, ile posa ya nne ilikuwaje?

Bi_Nuksi: Ilivunjika. Mshenga wao alikuwa anajua lugha tano.

MtaaWaPili: 🙌 Hapo nimenyooshwa.

Bin_Mvita: Bado hujaomba radhi.