Naomba ushauri: maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe bila pampu) yanakatika mgongoni mwa kilima, Lushoto

Wakuu, habari za leo. Kitongoji chetu kiko juu Usambara, upande wa kwenda Mtae. Bomba la plastiki la inchi moja na nusu linatoka kwenye chanzo hadi tangi, mita 1,400 hivi. Karibu na chanzo ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 40. Kwenye tangi inachukua dakika nne, na maji yanakuja kwa kukohoa.

Viungo vimekaguliwa, havivuji. Chujio limesafishwa. Tunahisi ni hewa: katikati bomba linapanda mgongo wa kilima kisha linashuka, na kila chanzo kikipungua hali inakuwa mbaya zaidi. Kuna waliotoboa bomba kwa msumari pale juu. Maji yalirudi siku mbili, kisha tundu likaanza kunyonya tope kila bomba likikauka (msumari jamani!).

Fundi mmoja anasema tufunge vali ya kutolea hewa mgongoni na koki ya kuoshea bomba bondeni. Mwingine anasema mgongo ukiwa juu ya mstari wa msukumo wa maji (kimo ambacho maji yangefika kwenye mpira wa wima uliounganishwa na bomba pale), vali itavuta hewa ndani badala ya kuitoa, hivyo dawa ni kuchimba mtaro na kushusha bomba.

Nani sahihi? Na huo mstari tutaupataje kwa levo ya mpira wa maji tu (mpira angavu wenye maji wa kulinganishia vimo)? Msaragambo (kazi ya pamoja ya kitongoji) ni Jumamosi, mwenyekiti anataka kujua waje na majembe au tuchange hela ya vali.