Naombeni ushauri: watoto wawili, Jumamosi moja, mfuko mtupu

Wazazi wenzangu, hamjambo. Naishi Umoja, Nairobi, nina wasichana wawili, wa miaka 9 na wa miaka 4. Jumamosi nataka kuwatoa nyumbani bila kulipa kiingilio, maana nauli ya watatu peke yake inaniuma.

Mwezi jana niliwapeleka maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, ile ya mwaka 1931 yenye simba wa mawe mlangoni. Mkubwa alizama kwenye kitabu nikamsahau. Mdogo alitaka simba tu. Alimkumbatia mmoja shingoni, akamlisha mandazi, makombo yakabaki mdomoni mwa simba. Tulipoingia ndani akauliza kwa sauti mbona watu wamenuna. Nikatoka naye mbio hadi bustani ya Jeevanjee, tukakaa nyasini tukisikiliza wahubiri. (Kwa kweli alifurahia wahubiri kuliko vitabu.)

Sasa naomba mnisaidie. Tawi la maktaba hiyo la Kaloleni liko njiani kwangu, nashukia Jogoo Road. Je, kuna saa ya hadithi inayofaa mtoto asiyejua kusoma, na mzazi huruhusiwa kukaa naye?

Halafu Uhuru Park. Sijakanyaga huko tangu ilipofungwa 2021 kwa ukarabati. Waliokwenda na watoto wadogo, vivuli na vyoo vikoje? Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa getini? Nisije nikabeba chapati zangu nikarudishwa nazo.