Watu 200 kwa baiskeli ndani ya Hell's Gate: tupangeje?

mratibu_nax: Wakuu, chama chetu kinaandaa safari ya hisani kwa baiskeli Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, mwezi Julai, watu 200. Njia ni geti la Elsa hadi korongo la Ol Njorowa, kama kilomita 8, kisha kurudi. Wengine wanataka tuondoke wote pamoja saa 12 asubuhi, na muziki getini. Tupangeje tusivuruge wanyama wala kuharibu barabara?

ekzeli29: Msiwatoe wote pamoja. Pundamilia na swala huvuka ile barabara wakati wote, na msururu wa baiskeli 200 ni ukuta kwao: kundi linakatika, ndama anabaki upande mmoja na mama upande mwingine. Toeni watu 15 kila dakika 10. Hayo ni makundi 14, na mkianza saa 1 na nusu, la mwisho linaondoka saa 3 na dakika 40. Saa 12 ni mapema mno, nyati huwa bado wako karibu na njia. Kila kundi liwe na kiongozi mbele na mfagiaji nyuma (wa mwisho kabisa, asiyeacha mtu nyuma yake) mwenye redio, msitegemee simu peke yake.

Muziki uachwe kabisa. Kwenye yale majabali wanazaliana tai, na sauti inagonga ukuta na kurudi. Droni vilevile, isipokuwa mmepewa kibali.

Kabla ya yote, andikieni mapema ofisi ya hifadhi ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), mkiambatanisha ramani, idadi ya watu na mpango wa ambulensi, na muombe maaskari wa kutangulia.

mama_pedali: Maji: lita 2 kwa mtu ni lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20 yenye mabomba. Kila mtu aje na chupa yake ya kujazia. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 5, 2020, kwa hiyo zikamateni wakati wa usajili, si getini. Ndizi zikae ndani ya gari lililofungwa. Nyani wa pale korongoni wakishaonja chakula cha watu, mgeni anayefuata ndiye anayenyang'anywa.

Alama za njia ziwe vibao vya kusimikwa, viondolewe siku hiyo hiyo. Msipake rangi kwenye mawe.

mratibu_nax: Asanteni sana. Tukikuta nyati barabarani? Na kurudi tupitie Buffalo Circuit, ile njia ya mzunguko?

ekzeli29: Simameni umbali wa mita 100, mkae pamoja, msipige kengele, msipite katikati ya kundi. Kiongozi aite askari, na kwa redio asimamishe makundi ya nyuma.

Buffalo Circuit ina milima na mchanga mwingi. Wapeni wazoefu tu, na wasizidi 40. Anayeshindwa mchangani ashuke asukume. Akikwepa pembeni, wenzake wanafuata alama zake, na kwenye udongo ule wa majivu ya volkano mvua ikija njia hiyo mpya inageuka mfereji.

spoki_36: Osheni matairi na viatu kabla ya kufika, hasa mkitoka penye gugu karoti (gugu vamizi), kwa sababu mbegu zake husafiri na matope. Miiba ya migunga itawapa pancha nyingi: kila mtu awe na tyubu 2, pampu na viraka, na tyubu mbovu zirudi mfukoni.

Mvua ikinyesha, hata ikiwa mbali juu, mtu asishuke korongoni. Mafuriko ya ghafla yameshaua watu mle, 2012 na 2019.