Tupeane uzoefu: Miti tuliyoikata wenyewe nyumbani bila kufundishwa, na yaliyotupata

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, kovu lililo begani kwangu lina miaka sita, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba lilitokana na ajali ya kazi, bila kufafanua kwamba kazi yenyewe sikuwa nimefundishwa na mtu yeyote. Ninaomba kila aliyewahi kukata mti mkubwa nyumbani kwake bila mafunzo, au aliyeshuhudia ndugu au jirani akifanya hivyo, atusimulie mambo yalivyokwenda. Ombi langu la ziada ni kwamba msiishie kwenye ajali. Tutajieni pia ile dakika ambayo mngeweza kuuweka msumeno chini na hamkuuweka, kwa kuwa anayejiandaa kukata mti wake kesho atafaidika zaidi na dakika hiyo kuliko na maelezo ya jeraha.

Yangu ni haya. Mti ulikuwa umekwisha kuanguka wenyewe, kwa hiyo niliamini hatari imepita na kilichobaki ni kuondoa matawi. Aliyeniazima msumeno wa injini aliniuliza kama ninajua breki ya mnyororo ilipo na inavyojaribiwa. Nilimjibu kwamba ninajua, ilhali nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Nikiwa kwenye tawi la nne au la tano, ncha ya msumeno, kwa sehemu yake ya juu, iligusa tawi jingine lililojificha nyuma ya lile nililokuwa nikilikata. Mnyororo huenda kwa kasi inayozidi mita 20 kwa sekunde, na unapokwama kwenye mti kwa ncha hiyo ya juu, nguvu yote huurusha msumeno juu na nyuma kumwelekea aliyeushika, kwa wepesi ambao hakuna binadamu anayeuwahi. Kidole gumba changu cha kushoto hakikuwa kimezungushwa kwenye mpini, bali kililala juu yake pamoja na vidole vingine, hivyo mkono uliachia. Breki nayo haikufunga, kwa sababu ilikuwa imelegea na mimi sikuijaribu. Dakika yangu ilikuwa lile swali la yule aliyeniazima.

Mchangiaji wa pili

Pole sana, ndugu. Nitasimulia ya baba yangu, kwa idhini yake. Alikuwa na umri wa miaka 61, mwenye afya, na alikuwa amepunguza miti ya uani kwake kwa miaka mingi kwa panga na msumeno wa mkono. Safari hii tawi lilikuwa nene kuliko mengine, na aliegemeza ngazi kwenye tawi hilohilo, karibu na shina, kisha akaanza kulikata upande wa nje. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ngazi chini, nikiamini kabisa kwamba kuishika ngazi ndiyo usalama wenyewe.

Kuna jambo ambalo hatukulifikiria hata kidogo. Tawi lenye majani mengi huinamishwa na uzito wake, na uzito huo ukiondoka ghafla, kipande kinachobaki shinani hunyanyuka. Kwa hiyo tawi lilipokatika, mahali ambapo ngazi ilikuwa imeegemea palipanda juu na ngazi ikabaki haina egemeo. Wakati huohuo lile tawi lililokatwa lilitangulia kugusa ardhi kwa upande wa majani, kisha upande wake mnene ukayumba kuelekea tulipokuwa. Uliipiga ngazi kwenye daraja la chini, sentimita chache kutoka vidole vyangu. Baba alianguka kutoka kimo cha mita nne hivi na kuvunjika nyonga na kifundo cha mkono. Anatembea, lakini kwa mkongojo.

Dakika yetu tunaijua wote wawili. Mama alitoka nje akasema tawi lile ni zito, tungoje tupate mtu anayejua. Baba alimjibu kwamba kazi imebaki nusu saa tu.

Mchangiaji wa tatu

Sisi tuliangusha mti mzima, mimi na kaka yangu. Ulikuwa na urefu unaozidi mita 15, umesimama kati ya nyumba na uzio, nasi tulitaka uangukie upande wa uzio. Tulifunga kamba kwenye shina kwa kimo ambacho kaka aliweza kukifikia, yaani mita tatu tu, na kamba yenyewe haikufika hata mita 10. Nikakata upande mmoja kisha nikazunguka nikakata upande wa pili hadi mikato miwili ikakutana, nikidhani hiyo ndiyo namna mti unavyokatwa. Haukuanguka. Ulikaa juu ya kisiki chake, ukabana msumeno, na tukawa tumesimama pale tukijadiliana jinsi ya kuuchomoa, huku mti mzima ukiwa haujashikwa na kitu chochote. Upepo mdogo ulipopita, ulielekea nyumbani.

Ulipasua paa na ukuta wa chumba cha watoto. Watoto walikuwa shuleni. Kaka bado alikuwa ameshika kamba, na ninapopima leo urefu wa kamba ile na urefu wa mti ule, naona wazi kwamba kama ungeanguka pale tulipotaka, ungemwangukia yeye. Jambo hilo linaniondolea usingizi kuliko lile paa.

Mchangiaji wa nne

Kukata miti ndiyo kazi yangu, na nilifundishwa kabla ya kuruhusiwa kuigusa. Kwa heshima kwa ndugu aliyetangulia, naomba nieleze kilichotokea kwake, kwa kuwa ni kosa ninalolikuta mara nyingi ninapoitwa kumalizia kazi iliyoharibika.

Mkato wa kwanza hufanywa upande ambao mti unatakiwa kuangukia, nao hutolewa kipande chenye umbo la kabari, kina chake kikiwa takriban robo ya unene wa shina. Mkato wa pili hutoka nyuma, lakini haufikishwi kwenye ule wa kwanza. Katikati huachwa ukanda wa mti usiokatwa, wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha shina. Ukanda huo tunauita bawaba, kwa sababu unafanya kazi ya bawaba ya mlango: unashika mti kwenye kisiki na kuuongoza unapolala. Mikato miwili ikikutana, bawaba haipo tena, na kuanzia hapo mti huenda unakotaka. Ukiwa mkavu uliokufa zamani, hata bawaba iliyoachwa vizuri huweza kukatika badala ya kujikunja, na mtikisiko wa msumeno hudondosha matawi makavu kutoka juu. Ukiwa umeinama sana, shina laweza kupasuka kwa urefu kabla mkato haujaisha, na kipande cha nyuma kikarushwa kwa kishindo pale hasa aliposimama mkataji. Nimewahi kuona hilo mara moja tu, na sitaki kuliona tena.

Kuhusu uzito, mti mbichi wa aina nyingi huwa na kilo 800 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 4 tu huzidi kilo 600. Mtu mwenye kamba mkononi hawezi kubadilisha nia ya kitu kama hicho. Ndiyo maana asiye na kazi pale hutakiwa kuwa mbali kwa angalau urefu wa mti mara mbili, na mkataji huandaa mapema njia ya kuondokea, kwa kwenda nyuma kimshazari, kwa kuwa shina laweza kuruka moja kwa moja kinyume na linakoangukia.

Mchangiaji wa tano

Langu ni fupi. Tawi la jirani yetu lilikuwa limeegemea waya wa umeme, naye alitaka kulivuta kwa fimbo ndefu ya mti mbichi, akiamini kwamba mti haupitishi umeme. Mti mbichi una maji, na maji yale yanatosha. Alirushwa chini, akapona akiwa na majeraha ya moto mikononi. Tafadhalini, mti unaogusa waya au ulio karibu nao usiguswe na mtu yeyote kabla wenye umeme hawajaukata.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru nyote. Ndugu mchangiaji wa nne, ningeomba utueleze pia kuhusu mti uliokwama kwenye mti mwingine, maana nimeona watu wengi wakipita chini yake kana kwamba umekwisha kutulia.

Mchangiaji wa nne

Haujatulia. Umening'inia tu, na hakuna ajuaye utashuka baada ya dakika moja au baada ya siku tatu. Makosa ambayo watu hufanya ni kupanda juu yake ili kuutikisa, kuukata vipande kutoka chini wakiwa wamesimama karibu nao, au kuukata ule mti wa pili unaoubeba, jambo ambalo huiangusha miti yote miwili juu ya mkataji mmoja. Asiye na vifaa vya kuuvuta kwa mbali afunge eneo, aondoke, aite mtu. Hali ni hiyohiyo kwa mti uliong'olewa na dhoruba pamoja na mizizi yake. Shina likikatwa, ule ukuta wa udongo na mizizi waweza kurudi kwenye shimo lake kwa nguvu, na watoto hupenda sana kucheza shimoni humo.

Mchangiaji wa sita

Mimi nina kisa kisicho na ajali, natumaini nacho kinafaa hapa. Mti wetu ulikuwa na majani mabichi, na mume wangu alikuwa amekwisha kununua ngazi na kamba ili aupande. Nilimsihi amwite mkata miti aliyefundishwa, hata kama ni kwa kuuangalia tu. Yule bwana hakugusa msumeno. Aligonga shina kwa nyundo kulizunguka lote, akainama kuangalia uyoga uliokuwa umeota kwenye mizizi, kisha akasema kwamba yeye hapandi mti ule na wala mtu mwingine asiupande. Alirudi siku nyingine na gari lenye jukwaa la kuinua watu, akaushusha kipande kwa kipande kwa siku mbili, kuanzia juu. Kisiki kilipobaki, alimwita mume wangu aingize mkono katikati yake. Uliingia hadi kwenye kiwiko.