Mteja ameshinda tiercé kwenye kibanda changu: je, ninaweza kuweka kikomo cha malipo?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Baba zangu, mama zangu na ndugu wote wa humu, nawasalimu. Nina kibanda cha kubeti hapa Kamalondo, Lubumbashi, ambapo watu huja kubashiri mbio za farasi za Ufaransa. Mwezi wa kwanza mteja wangu wa siku nyingi aliweka faranga 3,000 kwenye tiercé ya Longchamp, yaani kubashiri farasi watatu wa kwanza, akataja farasi nambari 7, 2 na 11 kwa mpangilio huo, nao wakafika vivyo hivyo. Malipo yaliyotangazwa Paris, ukiyapiga kwa dau lake, yanapita dola 900. Mimi nimempa 200. Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi langu bila kusema neno, na tiketi yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Swali langu ni moja tu: je, mwenye kibanda ana haki ya kuweka kikomo cha malipo, kama wanavyofanya wachezeshaji wakubwa wa Ulaya? Naomba ushauri, siombi matusi.

Mzee wa Kipushi
Mwanangu, shemeji yangu alianza na faranga za mkate, akaishia kuuza baiskeli aliyokuwa akiendea kazini, kisha akawa anatembea kwa miguu kwenda kubeti. Siku moja alishinda, akanunua mbuzi, na mbuzi akafa wiki ileile. Tangu hapo nikiona farasi, hata wa kwenye kalenda, nageuza uso. Funga kibanda, ulime mahindi.

Mwalimu wa Katuba
Mzee wangu, shikamoo, lakini kijana hakuuliza habari za mbuzi.

Ndugu Mwenye Kibanda, kuna jambo silielewi katika maelezo yako. Tiercé si kamari ambayo mteja anashindana na mwenye kibanda. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1891 iliwaondoa wachezeshaji wa kujitegemea kwenye mbio za farasi, na mahali pao ukawekwa mfuko wa pamoja: madau yote yanaingia chungu kimoja, yanatolewa makato, na kinachobaki, ambacho ni takriban robo tatu, wanagawana walioshinda. Chungu cha namna hiyo hakifilisiki, kwa kuwa hakilipi kisichokuwamo. Ikiwa wewe ni wakala tu, hizo dola 900 zinatoka chunguni, na wewe unazipitisha mkononi. Kwa nini basi zinakukosesha usingizi?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Nashukuru, Mwalimu. Kampuni niliyofanya nayo kazi ina mambo yake ambayo sipendi kuyaeleza hapa. Tafadhali turudi kwenye suala la kikomo.

Mama wa Likelemba
Baba, mimi natunza pesa za likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, ya akina mama kumi na wawili, na sauti ya mtu anayelizunguka swali naijua hata akiwa ameandika. Zile faranga 3,000 za huyo mzee wa benchini zilikwenda wapi? Ulizituma au zilibaki kwako?

Mtoto wa Bel-Air
Zilikimbia pamoja na farasi, Mama. Nambari 7 alizibeba.

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Mama, kwa heshima yako nitasema. Kampuni ilikuja kuchukua mashine yake mwezi wa nane mwaka jana, lakini wateja hawakuacha kuja. Nilinunua daftari, nikaweka karatasi ya kaboni katikati, nikaanza kuandika tiketi kwa mkono: ya juu anachukua mteja, ya chini inabaki kwangu, na zote nazipiga muhuri wa duka la marehemu baba yangu. Matokeo na malipo tunayasoma kwenye simu. Kwa miezi mitano kila aliyeshinda nilimlipa siku ileile, na hakuna aliyelalamika. Isitoshe, pesa zilibaki mjini, kwani zimelipa karo ya watoto wawili na bati la jikoni. Mlitaka ziende Paris kulisha farasi wasiojua hata Lubumbashi iko upande gani?

Mwalimu wa Katuba
Naam, nilitaka ziende kulisha farasi, na nitakueleza sababu, maana ugomvi huu ni wa zamani kuliko kibanda chako.

Farasi anakula kila siku, awe amekimbia au hakukimbia, na mbio zenyewe hazijilipi kwa viingilio vya mlangoni. Wafaransa walitatua jambo hilo kwa kuwapa waandaaji wa mbio umiliki wa kubeti: PMU, shirika lao la kubeti farasi lililoanzishwa mwaka 1930, ni mali ya vyama vya mbio vyenyewe, kwa hiyo sehemu ya dau la aliyeshindwa inarudi kuwa zawadi za mashindano na kuwategemeza wenye mazizi. Hata walipofungua kubeti kwa intaneti mwaka 2010, walisisitiza kwamba upande wa farasi ubaki wa mfuko wa pamoja.

Waingereza walichagua njia nyingine, ya mchezeshaji anayebeba hatari mwenyewe, na ndiyo maana wanagombana hadi leo. Maduka ya kubeti yaliporuhusiwa mwaka 1961, bunge liliona kwamba wenye maduka watavuna shamba wasilolilima, likaunda bodi ya kuwatoza kwa ajili ya mbio. Siku hizi tozo ni asilimia 10 ya faida ghafi wanayoipata kwenye mbio za Uingereza, nayo huleta zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Utamu wake una uchungu ndani: kwa kuwa ni sehemu ya faida ya mchezeshaji, siku ambayo farasi wanaopendwa na wengi wanashinda, watu wanafurahi na mfuko wa mbio unapungukiwa. Tena makampuni yaliyohamishia shughuli zake nje ya nchi, mengine Gibraltar, yaliikwepa tozo hiyo mpaka sheria ilipowafuata mwaka 2017. Na bado mbio na wachezeshaji hawawezi kuachana. Tarehe 10 Septemba 2025 Waingereza walisimamisha mbio zote kwa siku nzima kupinga mpango wa serikali wa kuongeza kodi ya kubeti, wakihofu kwamba mchezeshaji akikamuliwa, zizi ndilo litakalokauka.

Wewe, ndugu yangu, ulichukua hesabu za malipo za Mfaransa na hatari ya Mwingereza, bila chungu cha yule wala mtaji wa huyu. Ni Gibraltar ndogo ya Kamalondo.

Mtoto wa Bel-Air
Gibraltar yenye benchi moja, na benchi lenyewe lina mtu.

Mchunguzi wa Kenya
Wakubwa zangu, kabla hamjaendelea kumshauri mtu huyu, hebu tusome upya alichoandika. Anasema tiercé ilikuwa ya Longchamp mwezi wa kwanza. Mimi nafuatilia mbio hizo tangu nikiwa mdogo hapa Lubumbashi, katika mtaa (commune) uitwao Kenya. Longchamp ni uwanja wa majani, na wakati wa baridi haukimbizi farasi. Mwezi wa kwanza mambo yako Vincennes, kwenye mbio za farasi wakokotao vigari, ambako Prix d'Amérique hufanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Mtu anayeishi kwa kuuza tiketi hizo hawezi kukosea hivyo. Nahisi tumetungiwa hadithi, na kesho ataomba tumchangie kwa simu.

Mzee wa Kipushi
Mimi nilijua. Hata benchi lilinitia shaka.

Mama wa Likelemba
Mzee, mbuzi wako pia hatukuomba cheti chake cha kifo. Mwacheni ajibu.

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Sijaomba senti ya mtu. Ilikuwa Vincennes, ni kweli. Ukutani kwangu kuna picha kubwa ya Longchamp iliyoachwa na kampuni, na wateja wangu mbio zote za Paris wanaziita Longchamp. Mimi mwenyewe nimezoea hivyo. Ninayo nakala ya chini hapa mkononi: 7, 2, 11, na ile 2 kaboni imeipaka hadi inafanana na 8. Mwanzoni nilimwambia mzee kwamba yawezekana ni 8. Akatoa ya juu, na pale ni 2 safi ya kalamu ya bluu.

Mchunguzi wa Kenya
Sawa, nimeondoa shaka kidogo. Lakini hicho kikomo ulichokitaja mwanzoni, kilikuwa kimeandikwa mahali ambapo mteja anaweza kukisoma kabla ya kutoa pesa?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Kimeandikwa mlangoni: malipo ya juu ni dola 200.

Mama wa Likelemba
Tangu lini, baba?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Tangu siku iliyofuata.

Lakini nieleweni. Nisingekibandika, wengine kumi wangeweza kunijia na deni kama hilo. Nami nilikuwa nimepanga kuendelea kuandika tiketi mpaka nipate zile 700 zilizobaki, kisha nifunge.

Mwalimu wa Katuba
Yaani umlipe aliyeshinda jana kwa madau ya watakaoshinda kesho. Na kesho kutwa mmoja wao akipata mpangilio kamili, utamkalisha wapi, ikiwa benchi ni moja?

Mama wa Likelemba
Mimi sina la Ufaransa wala la Uingereza. Toa karatasi hiyo mlangoni leo jioni. Daftari lifungwe. Mwite mzee pamoja na mtu wa tatu anayeheshimiwa na ninyi wawili, mwandikiane deni zima, 700 na zaidi kidogo, na tarehe za kulipa. Una kitu gani cha kuuza?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Nina friji ya vinywaji. Mguu mmoja umevunjika, nimeweka tofali.

Mtoto wa Bel-Air
Inagandisha?

Mwenye Kibanda, Kamalondo
Umeme ukiwapo, inagandisha vizuri. Karatasi nimekwisha kuibandua. Mzee alinitazama nikiibandua, akauliza kama anaweza kupata soda ya baridi.